Kumea Kunataka Maji

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Witness,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako na miguu inayovimba, naomba nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Joha ninayekaa naye dawati moja. Ninakula udongo. Sisemi kuonja, kama zamani uliponikamata nyuma ya nyumba ukanipiga kofi la mgongoni mpaka nikatema. Ninakula kila siku, tangu kidato cha tatu, vile vidole vya udongo mkavu anavyotengeneza mama. Navificha kwenye mkebe wa hisabati, kati ya bikari na rula. Nimeanza na hili ili utakapofika mbele usidhani nakuhubiria nikiwa nimekaa mahali pasafi.

Sasa naweza kukusalimu vizuri. Hamjambo wewe na shemeji Nikolaus? Mama mkwe wako kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Baba bado yuko Manyoni kwenye kazi ya barabara, na kila akipiga simu anauliza kama ninasoma, halafu anauliza kama ninakula. Mvua iko mbali, kwa sasa ni upepo tu. Vumbi la Chang'ombe unalijua: mtu anaanika shuka nyeupe asubuhi, mchana anaanua ya kahawia. Kwaya ya mama imepata sare mpya, na leo wanaimba ibada zote mbili, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Hata yule paka wa kijivu wa jirani yetu Mzee Sostenes yupo, ambaye mzee mwenyewe alimbatiza jina la Mheshimiwa kwa sababu kazi yake ni kula vizuri na kusinzia akiwa amekaa. Huyo nitarudi kwake, kwa bahati mbaya.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu siwezi. Mama akiongea na wewe huweka spika, simu anaiegesha juu ya ndoo ya maji, na nyumba nzima inasikia. Na yako, mwenyewe ulisema, mara nyingi iko mikononi mwa mama mkwe. Juzi ulipomwambia mama kwamba mimba inaelekea mwezi wa nne, na kwamba safari hii umejizuia lakini sasa umeshindwa, unautamani udongo wake kwa kuwa wa huko Busi unakwaruza ulimi, mimi nilikuwa palepale nachambua mchicha. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Alisema kumbe huyo mtoto anajua kwao, na kwamba kaka Batholomeo wa huko kwenu aliyeleta alizeti mjini hatarudi Busi mikono mitupu. Mimi sikucheka, dada. Nilitoka nje nikijifanya naenda kumwaga mabua ya mchicha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa muhula watu wa kuchangisha damu walikuja shuleni kwetu. Nilikuwa nimeshaamua siku nyingi kwamba nikitimiza miaka kumi na minane nitatoa. Niliamua mwaka jana, mimba yako ya kwanza ilipotoka, shemeji akapiga simu akilia kwamba umepona kwa damu ya watu ambao hata hakujua majina yao ili awashukuru. Kwa hiyo nilikuwa kati ya wa kwanza kupanga foleni nje ya maabara ya kemia, ingawa unajua ninavyoogopa foleni na watu.

Nesi alinichoma kidole, akadondosha tone la damu yangu kwenye kimiminika cha bluu. La Joha lilizama kama jiwe. Langu lilisita pale juu, likazunguka, ndipo likazama taratibu. Nesi aliniambia nimepita kwa bahati, damu yangu ni nyepesi, na akaniuliza nyumbani tunakula nini. Nilimjibu ugali na mlenda. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

Baada ya hapo kulikuwa na meza nyingine ya watafiti kutoka chuo. Aliyekaa hapo ni dada mmoja mwenye miwani anaitwa Rukia, mpole, anaongea na mtu kana kwamba hana haraka. Alieleza kwamba wanachunguza wachangiaji damu, wajue ni wangapi wamewahi kuingiwa na kimelea kinachoitwa toksoplazma, na wamekipata kwa njia gani. Ukikubali, wanachukua kichupa kimoja kidogo cha ziada na kukuuliza maswali. Kwenu mnafuga paka? Mnakula nyama isiyoiva? Maji ya kunywa mnachemsha? Mboga mnaosha? Unakula udongo?

Joha alikuwa mbele yangu. Alipoulizwa hilo la mwisho alijibu kwa sauti yake ileile ya kuitikia jina darasani, kwamba ndiyo, mara mojamoja. Masudi wa darasa letu, aliyekuwa nyuma yangu, akapiga kelele, "Mama kijacho huyo! Mpisheni akae!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Joha hakujali. Aligeuka akamwambia, "Ndiyo, na baba yake wewe, lete matunzo." Wakacheka zaidi, na sasa waliyemcheka ni Masudi.

Mimi sina ulimi wa Joha. Huku shuleni msichana akionekana na udongo, kabla ya jioni ana mimba midomoni mwa watu, na kabla ya wiki kwisha mwalimu wa malezi anamwita ofisini. Nilipofika mezani mkebe wa hisabati ulikuwa kwapani. Kulikuwa na kipande kimebaki nyuma ya gego, nikakifunika kwa ulimi. Dada Rukia aliniuliza kama ninakula udongo. Nikasema hapana. Akaandika hapana, akanishukuru kwa kushiriki.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Siku waliporudi, dada Rukia alitukusanya kwanza sote bwaloni akatueleza matokeo ya jumla. Karibu theluthi ya tuliotoa damu pale shuleni tulionyesha kwamba kimelea hicho kilishapita kwetu. Alisema kinaishi kwa paka. Paka anakula panya au nyama mbichi anakipata, na kwa siku kadhaa choo chake kinajaa mayai ya kimelea hicho, madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni. Mayai yanakaa udongoni miezi na miezi yakisubiri kuingia kinywani mwa mtu au mnyama. Bwalo lote lilisema "Eeeh!" kwa pamoja. Kuna aliyetema mate. Masudi akauliza kama basi aache kulala na paka wake, na dada Rukia akamjibu kwamba kulala naye si tatizo kubwa, tatizo ni nani anayezoa choo chake na kama ananawa.

Mimi sikusema "Eeeh." Nilikuwa nimekumbuka unyoya. Wakati fulani kabla ya hapo, nikienda shule, niliuma kidole cha udongo nikasikia kitu kimenasa kwenye meno. Nikavuta. Ulikuwa unyoya mfupi wa kijivu, umenyooka, mweupe kwenye ncha. Nilijidanganya kwamba ni uzi wa gunia, nikaufuta kwenye sketi, nikakimalizia kidole. Pale bwaloni niliusikia tena ulimini, dada, na nikasikia ladha ya kila kidole nilichowahi kula. Nilibana midomo kwa leso mpaka kikao kikaisha.

Baadaye tuliitwa mmoja mmoja katika stoo ya maktaba. Dada Rukia aliniambia kimelea kilishaniingia, yaelekea zamani, na kwamba kwa mtu mwenye afya kama mimi hakina neno kubwa: mwili unakidhibiti, wengi hata hawajui. Kisha akafunua karatasi yangu akakunja uso. Alisema ninamchanganya. Paka hatufugi, nyama tunapika ikaiva, maji tunachemsha, mboga tunaosha, udongo sili. "Mdogo wangu, kwenu pasafi kuliko wodini," aliniambia akitabasamu. "Sasa wewe umekitoa wapi?" Nilitazama viatu vyangu.

Nilichoweza ni kumuuliza kuhusu wewe. Sikukutaja jina, nilisema ni ndugu. Aliacha kutabasamu. Alisema mwenye hatari ni mjamzito ambaye hajawahi kukipata kabisa, kisha akakipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Hapo kinaweza kupita hadi kwa mtoto. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na shida ya macho au ya ubongo, na wakati mwingine shida inajitokeza akiwa ameshakua. Nilimuuliza kama mimba iliyotoka zamani inaweza kuwa ilitoka kwa sababu hiyo. Alikataa kusema. Alisema mimba hutoka kwa sababu nyingi na yeye hawezi kukisia asichokipima. Kwa hiyo na mimi sisemi, dada. Naomba usilie juu ya yule wa kwanza kwa sababu ya barua yangu.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikapitia nyuma, kule mama anakofanyia kazi yake. Umeondoka muda mrefu, nikukumbushe. Udongo wa kichuguu unaletwa kwa mkokoteni, mama anautwanga, anauchekecha kwa chekecheo la unga, na ule laini anaurundika juu ya gunia kando ya ukuta usubiri kukandwa. Ukiugusa ni kama poda. Unaingiza mkono na mkono hausikii kitu. Wateja wake kule Makole, wale akina mama wanaopita pale alipo wakienda kliniki na matumbo yao, wanamsifu kwamba udongo wake haukwaruzi.

Basi Mheshimiwa alikuwa katikati ya rundo. Alikuwa amefukua kashimo, amechuchumaa, mkia umesimama, macho ameyafumba nusu kama mtu anayesikiliza hotuba. Alipomaliza aligeuka akanusa, akafukia kwa uangalifu, mguu mmoja kisha mwingine, akaondoka bila haraka. Ilikuwa dhahiri si mara yake ya kwanza. Njia yake ilikuwa imechongeka juu ya ukuta.

Mama alitoka na beseni la maji. Nikamwonyesha. Alimlaani paka na Mzee Sostenes wake, akachukua kigae cha sahani iliyovunjika, akachota pale palipofukiwa, akatupa nje ya uzio. Kisha, dada, akalainisha rundo kwa kiganja, akamimina maji, akaanza kukanda. Kwa mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko. Harufu ilipanda, harufu ya udongo uliolowa ambayo wewe na mimi tunaijua, na chini yake nyingine, kali, ya mkojo wa paka. Na hapa ndipo ninapojichukia: mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nataka kutapika na nilikuwa nautamani, kwa wakati mmoja. Nilikwenda chooni nikajitia kidole kooni. Kilichotoka kilikuwa cha kahawia.

Jioni nilijaribu kumweleza mama. Sikumwambia habari yangu, nilimwambia tu tulichofundishwa, kwamba choo cha paka kina kimelea, kinabaki udongoni, na wajawazito wanaweza kudhurika. Alinisikiliza vizuri akiwa anapanga vidole kwenye sinia. Kisha akaniuliza kimelea ni nini, kimemea wapi. Unajua Kiswahili chake cha ukubwani: neno asilolijua analichambua kama karanga. Nilipomwambia ni kidudu alikataa. Kama ni kidudu kingeitwa kidudu, alisema, kimelea ni kitu kilichomea. Na kwenye udongo wake hakiwezi kumea kitu, kwa sababu anauanika jua la Dodoma mpaka unalia kama kigae.

"Kumea kunataka maji, mwanangu," aliniambia. "Kunataka joto, kunataka na giza. Mbegu ukiitupa juu ya gunia juani, itamea? Umesoma mpaka umesahau kilimo."

Alikuwa anacheka, hakuwa na ubaya wowote. Mimi nilikuwa nimelipakata sinia. Alikuwa amelitaja tumbo lako, dada, bila kujua. Maji, joto na giza.

Nilipojikaza nikasema kwamba jua halitoshi, kwamba dada Rukia alisema si la kutegemea, mama alichoka. Alisema amekula udongo huohuo kwa mimba zake mbili, na matunda yake ndiyo haya, mmoja anamjibu. Alisema vitabu vimeniharibu. Nikaendelea kumpangia vidole. Yule dada wa chuo angemjibu vizuri. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Jana mama alikufungia mzigo. Alitia unga wa uwele, mlenda mkavu, kanga mbili, na lile kopo kubwa la maziwa ya unga akalijaza vidole vya udongo vya lile rundo. Nilimwona akivichagua vilivyonyooka. Vilivyovunjika aliviweka pembeni kwa ajili ya sokoni, vizuri vyote vyako. Akashona gunia kwa sindano ya mkeka na kuandika jina lako kwa makaa. Alikuwa anaimba.

Leo alipotoka kwenda kanisani nimelifumua. Nimelitoa kopo, nimeumwaga udongo wako wote chooni, nimeumwagia na maji juu yake. Kopo nimeliosha kwa maji yanayochemka mara kadhaa, nimelijaza karanga nilizokaanga mwenyewe, na juu ya karanga ndipo nitakapoiweka barua hii. Kwa hiyo ulipofungua ukatafuta vidole vya mama ukakuta karatasi, mwizi ni mimi. Nisamehe. Najua ulivyoutamani, kwa sababu na mimi ninautamani hapa nilipo. Mkebe wangu pia nimeumwaga. Kalamu bado zinanuka.

Tafadhali, hata wa huko Busi usile. Nenda kliniki umweleze nesi kwamba katika mimba iliyopita ulikula sana udongo, na kwamba katika hii ulijizuia kisha ukashindwa, na umuulize kama kuna kipimo. Inawezekana ulishakipata zamani kama mimi, na hapo dada Rukia alisema hofu ni ndogo. Lakini hatujui. Mama akikupigia akauliza kama mzigo umefika na kama udongo ni mtamu, simu itakuwa kwenye spika na mimi nitakuwa karibu. Jibu utakalotoa ni lako, sitakulaumu.

Msalimie sana shemeji Nikolaus, na mpe mama mkwe shikamoo yangu. Huyo mdogo aliyemo gizani humo mwambie mama yake mdogo anamsubiri, na karanga zile ni zake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Emilia

Nyongeza. Batholomeo amesema atapita saa sita, kwa hiyo nimepata muda kidogo kabla ya kushona gunia. Mama huenda kanisani bila simu. Nimeichukua juu ya ndoo, nikatafuta namba ya dada Rukia iliyo kwenye karatasi yangu ya majibu, nikamwandikia ujumbe kwamba mimi ni Emilia wa kidato cha sita, kwenye swali la udongo nilijibu hapana, naomba alifute, jibu ni ndiyo. Amejibu upesi. Ameshukuru, akauliza udongo huo ninaupata wapi. Kisha nikaandika: anatengeneza mama yangu, anauza Makole kwa wajawazito, paka anajisaidia kwenye rundo, nimeshindwa kumweleza, naomba uje wewe. Amesema atakuja kesho jioni.

Ujumbe sijaufuta. Simu nimeirudisha juu ya ndoo, pale mama anapoiweka, na sasa nashona gunia.